Msinitangaze Kanisani kwa Sababu Niko Australia

Bwana Yesu asifiwe. Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma.

Nina ombi kwa kanisa lililonilea, na ninaliomba kwa upendo: acheni kunitolea mfano. Kila nikipiga simu nyumbani Jumapili naambiwa nimetajwa tena. Vijana wameambiwa wamtazame dada yao Mungu alivyomwinua, wafunge na kuomba, nao watavuka. Mama anafurahi sana, na furaha yake siwezi kumnyima. Lakini kuishi Melbourne si tunda la Roho. Nilipata kazi, nikapata viza, nikapanda ndege. Mungu alinilinda, na Mungu huyohuyo anamlinda dereva wa bodaboda wa Chang'ombe anayefika kwake saa sita usiku akiwa mzima. Yeye mbona hatajwi?

Niliiacha Dodoma ikiwa katikati ya mabadiliko makubwa. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, ukakaa miaka mingi bila kutimia, hadi mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba sasa Serikali inahama kweli. Mwaka 2018 mji ukawa jiji. Viwanja vikapimwa Iyumbu, Njedengwa na Ilazo, mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kuleta watu kutoka Dar es Salaam. Haya yote ni mema. Ila yameingia mpaka madhabahuni. Nilipokuwa mtoto, mtu akisimama kushuhudia alisema ameacha pombe, au amekwenda kumwomba radhi jirani ambaye shamba lake alikuwa amelimega, au mtoto wake amepona degedege. Siku hizi zinatawala shuhuda za kiwanja, gari, cheo na viza.

Mwenye kiwanja na amshukuru Mungu kwa kiwanja chake, hilo sina ugomvi nalo. Shida ni yule aliyekaa benchi la nyuma, ambaye amefunga na kuomba vilevile, na hana kitu. Anaanza kujiuliza amekosea wapi. Akienda kuuliza anaambiwa imani yake ni ndogo, apande mbegu kubwa zaidi, yaani atoe sadaka zaidi. Nimewaona watu wakiondoka kanisani kimyakimya kwa aibu ya kutokuwa na ushuhuda, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Mstari ninaotumiwa kwenye simu kuliko mwingine wowote ni Yeremia 29:11, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni neno la kweli na limenibeba kwenye baridi la huku. Lakini someni sura yote kuanzia aya ya kwanza. Ile ni barua iliyoandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wautakie amani mji uliowateka na kuuombea, kwa sababu kurudi ni baada ya miaka 70. Wengi walioisikia barua ile ikisomwa mara ya kwanza walizikwa hukohuko. Mawazo ya amani yalikuwa juu yao nao pia, wale waliokufa bila kuona Yerusalemu.

Na nabii huyohuyo alikuwa na mwandishi wake, Baruku. Kijana huyu aliandika gombo zima kwa mkono, mfalme Yehoyakimu akalikatakata na kulitupa motoni, ikabidi liandikwe tena. Sura ya 45 inasema alichoka, hakuona pumziko. Neno lililomjia ni hili: "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute." Akaahidiwa uhai wake tu, popote atakapokwenda. Aya hiyo sijatumiwa na mtu hata mmoja, nami natamani ningetumiwa, kwa sababu kuna majira ambayo ndiyo chakula pekee ninachokihitaji.

Sasa niwaeleze ninachokiona huku. Kazi yangu ni kutunza wazee. Kwenye kituo chetu, pembeni ya kila mlango wa chumba kuna kijisanduku cha kioo kilichopachikwa ukutani. Wazee wengi wamepoteza kumbukumbu na namba ya mlango haiwasaidii, kwa hiyo familia huweka humo vitu ambavyo mzee akiviona atajua hapa ni kwangu. Zamu ya usiku napita mlango kwa mlango, na vile vijisanduku nimevikariri. Kuna mama aliyekuwa mkuu wa shule kubwa. Chake kina kofia ya mtoto mchanga iliyofumwa kwa uzi wa njano na picha ya mbwa. Kuna mzee aliyeongoza kampuni yenye watu wengi chini yake. Chake kina ndoano ya kuvulia samaki na picha ya harusi. Cheti sijaona hata kimoja. Watoto wao wanafahamu vizuri kwamba cheti hakitamrudisha baba chumbani kwake.

Kisha nafikiria sebule zetu. Picha ya mahafali ipo juu kabisa, joho jeusi na maua ya plastiki shingoni, chini yake makochi yenye vitambaa vya kufuma. Picha hiyo kwetu ipo, na ninaipenda, maana mbuzi waliuzwa ili ipigwe. Lakini ndani ya nyumba ileile hakuna picha ya shangazi aliyebaki kumuuguza bibi mpaka bibi alipofariki, asiolewe, asisome. Kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyemtii Kristo kwa gharama, ni shangazi.

Kuna jambo moja Waaustralia wametuzidi na ni haki lisemwe. Hawaidharau kazi ya mikono. Fundi bomba hapa anaingia kanisani na nguo za kazi na hakuna anayemtazama mara mbili. Bosi anaitwa kwa jina lake la kwanza. Kwetu, kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na sasa anauza nyanya soko la Majengo anakwepa ibada ya saa nne, anakwenda ile ya alfajiri, asikutane na waliosoma naye. Tumelisoma sana Wakolosai 3:23, kwamba lo lote tufanyalo tulifanye kwa moyo, kama kwa Bwana wala si kwa wanadamu, tukalipeleka kwenye semina za viongozi. Paulo alikuwa anawaambia watumwa. Ukirudi aya moja nyuma utawakuta. Kama kazi ya mtumwa inaweza kuwa ibada, ya muuza nyanya inashindwaje?

Lakini muulize mtu hapa anafanya kazi kwa ajili ya nani, hajui cha kukujibu. Kuna mkopo wa nyumba, mara nyingi wa miaka 30, na kuna likizo. Mfanyakazi mwenzangu alimaliza kulipa nyumba yake, na wiki ileile, tukiwa jikoni tunasubiri maji yachemke, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli: "Unadhani kuna kitu kingine baada ya hapa?" Alikuwa na umri wa kunizaa. Nilimwambia ninavyoamini, kwamba kuna Mungu aliyemwumba kwa makusudi na bado hajamaliza naye. Alinisikiliza mpaka kengele ya chumba ikaita.

Katika sensa ya Australia ya mwaka 2021, waliojiandika Wakristo walikuwa asilimia 43.9, na waliosema hawana dini asilimia 38.9. Waliojaa kwenye ibada ninazohudhuria ni Wasudan Kusini, na Wakongo na Warundi wanaosali kwa Kiswahili. Wenyeji wachache waliobaki wana mvi, na wanatukaribisha kwa machozi.

Hapo ndipo naikumbuka habari ambayo wazee wa Anglikana Dodoma wanaijua, ila vijana wengi hawajasimuliwa. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Alikuwa mchungaji Sydney, na alikuwa ameanzisha huko shule, Trinity Grammar, ambayo ipo mpaka leo. Aliacha hayo akaja kwenye mji mdogo wa reli, wakati Wagogo bado wanaisimulia njaa ya Mtunya iliyowamaliza ndugu zao miaka michache tu nyuma. Waaustralia wengine wakaja kuuguza na kufundisha, Mvumi, Kilimatinde na kwingineko. Mwaka 1955 mtoto wa nchi, Yohana Omari, akawekwa wakfu, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika. Kwa vipimo vya dunia, mtu anayetoka Sydney kwenda Dodoma ya 1927 ameshuka. Mimi nimetoka Dodoma kwenda Australia, mnasema nimepanda. Njia ni moja. Yeye alikuwa na jibu akiulizwa nani amemtuma. Mimi hilo swali sijawahi kuulizwa na mtu yeyote kanisani, na naona lingepaswa kutangulia makofi.

Kama mnataka mfano wa kuwapa vijana, yupo. Kijijini kwa babu yangu, upande wa Kongwa, kuna mwinjilisti anayelima uwele na karanga, na anahudumia makanisa madogo kwa baiskeli. Anafundisha kipaimara chini ya mbuyu, anazika, anasuluhisha ndoa, na mara nyingi posho yake ni kuku au debe la nafaka. Ardhi ya huko imeshaona ndoto kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa kwa mradi wa karanga, ilihitaji mafuta ya kula baada ya vita. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu, mitambo ikavunjika, mvua ikakataa, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kula mamilioni ya pauni. Wagogo walikuwa wanapanda uwele na mtama kwa sababu waliijua mvua yao. Chuo cha theolojia cha Mtakatifu Filipo, hapohapo Kongwa, bado kinafundisha wachungaji. Mwinjilisti huyu naye bado anapanda karanga zake, eneo ambalo analiweza kwa jembe.

Mavuno yaliyopita nilishiriki mnada wa kanisa kwa simu. Jogoo alinadiwa, akanunuliwa, akarudishwa mezani, akanadiwa tena, mpaka nikapandisha bei na mnadi akapaza sauti kwamba huyu ni wa dada yetu wa Australia. Kanisa zima likapiga vigelegele. Baadaye nikatumiwa video. Pembeni ya meza anaonekana bibi mmoja, anafungua pindo la kanga polepole kwa vidole vilivyokakamaa, anamwaga uwele kwenye beseni, anakung'uta pindo ili punje isibaki, anarudi kukaa. Mvua zilikuwa chache mwaka ule. Hakuna aliyemtangaza, na kamera ikamwacha ikarudi kwa jogoo.

Sisemi vijana wasitamani makubwa. Yakobo na Yohana walimwomba Yesu viti vya kulia na kushoto, na wale kumi wakawakasirikia. Bwana hakuwafukuza wala hakuwaambia watamani kidogo. Aliwaonyesha ukubwa uko wapi: anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi wa wote. Nataka Dodoma itoe madaktari, wahandisi, majaji, na baadhi yao waje huku ng'ambo, Mungu akiwatuma. Wala sitaki mtu aliyeshiba amhubirie mwenye njaa kuridhika. Mama anayehangaika na ada ya mtoto aachwe amlilie Mungu juu ya ada. Maneno haya nawaambia wenye kipaza sauti.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita na ameomba nafasi ya uuguzi. Ameniandikia anauliza njia ya kuja huku akihitimu, na anasema kanisani wameshaanza kumwombea "mlango wa Australia". Sijamkataza. Nimemweleza kuhusu mitihani ya Kiingereza, gharama za viza, zamu za usiku, na mishahara ilivyo, yote bila kumficha. Halafu nikamwuliza kama Mungu akimtuma Mvumi badala ya Melbourne ataona amejibiwa au amenyimwa. Alikaa siku kadhaa bila kujibu, kisha akaandika: "Mama mdogo, bado sijui, ila nimeanza kuliombea hilo." Basi naomba mumwombee hivyo hivyo alivyosema, na shule ikianza muulizeni anaendeleaje na masomo.