Futi 11 juu ya maji

Jumanne tulikuwa tumekaa kwenye chumba cha marubani, Terminal One hapa Dar, tukisubiri mvua ya Mafia ipungue. Dogo mmoja ambaye leseni yake ya urubani wa biashara haijamaliza hata mwaka akatoa simu na kutuonyesha ile video ya zamani ya Icon A5 ya Roy Halladay, ndege ndogo ya kutua majini na nchi kavu, ikicheza juu ya maji kule Florida. Inapanda, inalala upande, inashuka mpaka unadhani imegusa wimbi, inapanda tena. Video haijaisha, hukumu ikawa imeshatoka. "Si alikuwa amejaza madawa mwilini yule?" Mwingine akasema matajiri wakinunua ndege huwa wanadhani wamenunua na urubani. Chai ikaendelea, mazungumzo yakahamia kwa Simba na Yanga.

Mimi sikuweza kuhama nao. Maneno yale yamenikaa moyoni hadi leo.

Hawakusema uongo. Halladay, bingwa wa besiboli wa Toronto Blue Jays na baadaye Philadelphia Phillies, alikufa tarehe 7 Novemba 2017 akiwa na miaka 40, peke yake, ndani ya ndege aliyokuwa ameipokea mwezi uliotangulia. Data za ndege zilionyesha kwamba alishuka hadi futi 11 juu ya maji. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walipotoa ripoti yao mwaka 2020 waliandika kwamba alifanya mizunguko mikali chini sana, na kwamba dawa zilizokuwa mwilini mwake, zikiwemo amfetamini na mofini, ziliharibu uamuzi wake. Nakubali. Lakini tazameni sisi marubani tunavyoitumia ripoti ile. Tunaivaa kama hirizi: yeye alikuwa na dawa, mimi sina, basi mimi nitafika nyumbani.

Na Jon Karkow je?

Miezi sita kabla ya Halladay, tarehe 8 Mei 2017, A5 nyingine ilianguka kando ya Ziwa Berryessa, California. Aliyekuwa akiirusha ni Karkow, rubani mkuu wa majaribio wa Icon wenyewe, kampuni iliyoiunda A5, mhandisi aliyefanya kazi miaka mingi Scaled Composites, kampuni ya kuunda ndege za majaribio. Ukitaka mtu aliyeijua ndege ile, ni yeye. Pembeni yake alikuwa mfanyakazi mwenzake mgeni kazini. Walikuwa wakiruka chini juu ya ziwa, wakaingia kwenye bonde ambalo inaelekea alilidhania ni jingine. Kuta za bonde lile zinapanda haraka kuliko ndege ndogo inavyoweza kupanda. Akaongeza nguvu ya injini, akajaribu kugeuza, nafasi haikutosha. Wote wawili wakafa. Chanzo kilichoandikwa hakihusu dawa, hakihusu injini, hakihusu tajiri aliyenunua ndege. Alikuwa chini mno, na milima ikamzunguka.

Sasa hirizi yetu inamkinga nani?

Tuzungumze kama watu wa kazi. Injini ikinizimikia futi 3,000 juu ya mkondo wa Zanzibar, nina dakika tatu na ushee. Natafuta ufukwe, naita waongoza ndege, nawaambia abiria wakaze mikanda. Kwenye futi 50 sina hata muda wa kumaliza sentensi. Kwa mwendo wa maili 90 kwa saa ndege inakula mita 40 kila sekunde. Halafu hiyo mizunguko inayopendeza kwenye video: ukiilaza ndege nyuzi 60 huku ukishikilia kimo, mabawa yanabeba uzito maradufu, na ule mwendo ambao chini yake bawa linaacha kubeba unapanda kwa asilimia 40 hivi. Ukiwa juu, bawa likiacha kubeba unashusha pua, mwendo unarudi, unaendelea na safari. Ukiwa futi 11, pua unaishushia wapi? A5 imeundwa ili isiingie kirahisi kwenye mzunguko wa kuanguka, na ina parachuti ya kuibeba ndege nzima. Vyote viwili ni vitu vizuri sana, na vyote viwili vinahitaji hewa chini yako.

Wanaoilaumu kampuni kwa matangazo yale ya ndege kupita chinichini juu ya maziwa wana hoja, siwezi kuwabishia. Ila Oktoba 2017 Icon walikuwa wameshatoa mwongozo wa kuruka chini. Halladay alianguka wiki chache baadaye.

Ndege hizi za majini na nchi kavu zina hatari zake nyingine, na kila anayezirusha anazijua. Ukisahau magurudumu nje ukatua majini, pua inachimba, ndege inapinduka, nawe unaning'inia kichwa chini kwenye mkanda huku maji yakiingia. Kwa hilo kuna orodha ya ukaguzi, kuna taa, kuna sauti ya kukuonya. Kwa hamu ya kushuka ili watu wa ufukweni wakuone, hakuna taa yoyote inayowaka.

Nayasema haya kwa sababu nimeyafanya. Miaka tisa iliyopita nilikuwa narudi Dar kutoka Kilwa, ndege tupu, mdogo wangu amekaa kiti cha kulia. Tulipofika delta ya Rufiji nikashuka ili aone mikoko vizuri. Kisha nikaelekea baharini, nikashuka tena. Bahari ilikuwa shwari kama mafuta ndani ya sufuria. Maji ya namna ile jicho haliyaoni yanapoanzia. Ndiyo maana wanaotua majini hufundishwa kutua karibu na ukingo, wapate kitu cha kupimia. Mimi kipimo changu kikawa ngalawa. Ilitokea mbele yangu ghafla, tanga limelegea kwa kukosa upepo, mvuvi ameshika mshipi. Nilimwona akiuachia. Akajikunja ndani ya chombo, mikono kichwani. Nikavuta usukani.

Mdogo wangu alicheka mpaka Dar, nami nikacheka naye. Wakati wa kujaza kitabu cha safari, mkono ulikuwa unatetemeka, nikaandika tarehe mara mbili. Asubuhi ile nilikuwa nimelala vya kutosha, nimekunywa chai na vitumbua. Mwilini sikuwa na kitu kingine. Ningeanguka, wenzangu wangekaa kwenye chumba kile kile wakatafuta kosa langu, wakalipata, na jioni mmoja wao angepita Rufiji chinichini.

Ijumaa dogo alipangiwa safari ya Mafia. Nilimfuata kwenye maegesho ya ndege alipokuwa akikagua mafuta, nikamsimulia habari ya ngalawa. Sikuwahi kumsimulia mtu kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kifuniko cha tangi, akaniuliza, "Kapteni, yule mvuvi alikuwa peke yake?"

Nilimwambia ukweli. Nilipita kwa kasi mno, sikuona.