Nimelipia ndoo saba za upepo

Jamani mi hesabu nilipata B fomu foo na cheti kipo, kwa hiyo asitokee mtu hapa kuniambia sijui kuzidisha. Kisa kimeanza mama watoto alipopata kazi ya kupamba ukumbi wa harusi, bibi harusi kataka maua meupe ya plastiki yale ya kuning'inia, Kariakoo ukiulizia bei utadhani yamechumwa peponi, nkasema tulia mke wangu tunaagiza Guangzhou moja kwa moja, na kwa vile siku zimebana tunaleta kwa ndege. Maua ni mepesi bwana! Muuzaji katuma picha boksi liko juu ya mizani, kilo 6. Wakala wa mizigo kilo moja anachaji 25,000, mara sita 150,000, nkamwambia mama watoto unaona raha ya kuolewa na msomi.

Mzigo umefika, nkaenda na 150,000 yangu na nauli ya boda, hata hela ya maji sina. Dada wa kaunta kaangalia kompyuta, kaniangalia mimi, karudi kwenye kompyuta. "Kaka, bili yako 725,000."

Nkacheka. Nilijua kachanganya na mzigo wa mtu. Anasema hapana kaka, wako una kilo 29. Nkamwomba auweke kwenye mizani nione kwa macho yangu, mizani ikasema 6, nkamtazama nikingoja aone aibu, wapi. "Hizo kilo za mizani kaka, sisi tunachaji kilo za ujazo."

Ukisikia kilo zina majina mawili ujue umekwisha. Katoa tepu, urefu sentimita 60, upana 50, kimo 48, zidisha zote 144,000, gawa kwa 5,000 inakuja 28.8, na hiyo pointi nane nayo hawaiachi, wanapandisha iwe 29. Nkasema subiri kwanza, muuzaji kaniandikia kimo 45. Akanigusishia kidole juu ya boksi, kumbe maua yamebanana humo mpaka boksi limeota kitambi, na wao tepu wanaipitisha pale kitambi kilipotokeza zaidi. Nilijaribu kukikandamiza kwa kiwiko kirudi ndani. Mlinzi akasogea.

Af kilichoniuma nimekuja kujua baadaye, hiyo 5,000 yenyewe wala haijaandikwa kwenye mawe, mizigo ya kawaida ya ndege imezoeleka kugawa kwa 6,000, hii 5,000 ni ya wale wa vifurushi vya haraka na mawakala kama huyu wangu. Ningegawiwa kwa 6,000 ilikuwa inakuja 24 kavu, 600,000. Yani laki na ishirini na tano imeyeyuka kwa tarakimu moja, na mi nimesimama pale nashangaa kitambi cha boksi.

Nilivyotulia nkaona mbona haya mambo nayajua toka zamani. Konda wa daladala ndo mwalimu wao. Panda na mfuko wa misumari umeuweka miguuni, hata hakuulizi, panda na furushi la sponji ambalo mtoto wa chekechea analibeba kichwani anaimba, konda anakwambia mama hilo lipa siti. Ndege nayo ina siti zake basi. Sasa ujanja wao uko hapa, wanapima kilo za mizani, wanapima za ujazo, af wanachukua iliyo kubwa. Ukileta spea za gari unalipia uzito, ukileta maua unalipia upana. Siku ya wewe kupona haipo.

Hela nikakopa kwa shemeji, maua yakafika nyumbani, kazi ikawa kumweleza mama watoto. Nkaanza na sentimita, akanikata, sema kwa ndoo. Haya, lita moja ni sentimita za ujazo 1,000, boksi letu ni lita 144, ndoo ya lita 20 zinaingia saba na kidogo. Akanyamaza. "Kwa hiyo baba watoto umelipia ndoo saba za upepo wa China." Nimekaa na hesabu zangu wiki nzima, sijapata jibu la hiyo.

Na hapo hajajua ya kioo. Kuna kioo kikubwa cha kupigia picha maharusi nimekileta kwa meli, nkajua huku niko salama maana meli wanaenda kwa CBM, yani mita za ujazo, hawa wangu CBM moja kama milioni hivi. Mara ya kwanza nkazidisha 120 kwa 80 kwa 10 nkapata 96,000, jasho likanitoka, kontena zima la futi 20 linabeba CBM 33 hivi mi nina elfu tisini na sita? Kumbe hizo ni sentimita, nilisahau kugawa kwa milioni zije mita za ujazo, ni 0.096, yani elfu tisini na sita za hela. Nikalala usingizi mzuri. Asubuhi ujumbe unaingia, mzigo wako ni wa kuvunjika tumeutengenezea kreti ya mbao, vipimo vipya 130 kwa 90 kwa 20. Kila kipimo wameongeza sentimita 10 tu, sasa nenda kazidishe, 0.234. Kioo hakijanenepa hata milimita ila bili imezidi mara mbili.

Sasa hivi mama watoto tepu haimtoki mkononi, kapima kabati, kapima ndoo, jana nimelala kwenye kochi kanipima na mimi. Urefu 170, upana 50, kimo 30, tena kapimia pale kitambini kama wale. Akagawa kwa 5,000, nikaja kilo 51 za ujazo, wakati za mizani nina 78. Nkainuka kwa furaha, nkamwambia unaona mzigo wa halali, mi sina upepo!

Akakunja tepu yake. "Basi wewe ni wa kwenda kwa meli."