Msomee shangazi kabla hujatuma

Vijana hunijia barazani baada ya Alasiri, kikombe cha kahawa chungu mkononi, wakitaka niwaonyeshe ni wapi kwenye intaneti watajifunza kuandika hadithi. Majibu yapo. Ila wengi humaliza bando kwa video za Kiingereza, kisha wakarudi na hadithi ya Kiswahili iliyofikiriwa Kiingereza. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka juzi nilikuwa na hadithi niliyoipenda sana. Nikamsomea shangazi yangu, naye amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikafika pale mgeni "akaingia sebuleni akachukua kiti". Mkono wake ukasita juu ya uteo.

"Akakipeleka wapi?"

Nilitaka kusema mgeni aliketi, ila nilikuwa nimeifuata "took a seat" ya Kiingereza. Nilikuwa nimeipitia hadithi ile mara tano kwenye kompyuta na sikuliona kosa. Tangu siku hiyo situmi maandishi popote kabla shangazi hajayasikia. Asiye na wa kumsomea ajirekodi kwa simu, kisha ajisikilize. Ulimi ukijikwaa, sentensi hiyo ivunjwe.

Kusoma nako kuna hazina ambayo watu wa Mvita tunaipita tu. Chuo cha SOAS kule London kimeweka mtandaoni miswada ya kale ya Kiswahili, mingi kwa hati za Kiarabu, na kuitazama ni bure. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa kale wa Mombasa, yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyatafuta na kuyaandika akiwa na mmishonari Taylor hapa hapa Mombasa. Soma ubeti mmoja kwa sauti kila asubuhi kabla hujaandika chochote. Masikio yatazoea mizani yenyewe.

Pa kupeleka kazi pia papo, na huna haja ya kuitafsiri kwanza. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili, haitozi ada, na hutaka maneno kati ya 2,000 na 5,000. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ni ya Kiswahili peke yake, riwaya na mashairi. Soma masharti kwenye tovuti zao wenyewe, si ujumbe uliosambazwa WhatsApp, maana tarehe hubadilika.

Lakini anayekudai pesa ili akuchapishe, muage kwa heri. Mimi nililipa shilingi 15,000 kwa mtu aliyejiita mchapishaji, akaniahidi nakala kabla ya Ramadhani. Ramadhani mbili zimepita. Nashukuru muswada nilikuwa nimejitumia kwa barua pepe. Nimeuvunja ukatoa hadithi fupi tatu, na ya kwanza shangazi ameshaisikia mpaka mwisho bila kusimamisha mkono.