Mazoezi ya mtoto wa Liwale hayawezi kuisubiri Mitengo

Mjadala kuhusu watoto wenye mtindio wa ubongo, mguu kifundo (wayo uliopinda tangu kuzaliwa), au waliochelewa kukaa na kusema, hapa Mtwara na Lindi huwa unarudi kwenye majengo na wataalamu. Sasa tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, hoja inasema, basi fedha ziende huko, waajiriwe watu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na wa matamshi, na mzazi aandikiwe rufaa. Wengine wanataka huduma imfuate mtoto kijijini: mhudumu wa afya ngazi ya jamii afundishwe, asimamiwe na mtaalamu, na familia ihudumiwe pamoja na mtoto. Hawa wa pili husikilizwa kwa huruma kisha wakawekwa kando, kana kwamba wanadai huduma ya daraja la chini kwa ajili ya maskini. Naona hawajaeleweka.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao, yaani wanaomsaidia mtu kupata au kurudisha uwezo wa viungo na usemi, hawafiki 10 kwa kila watu milioni 1. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,634,947 Mtwara na 1,194,028 Lindi. Tukijipima kwa kiwango hicho, hata tukifika kileleni mwake, mikoa yote miwili ingekuwa na wataalamu 28. Hao 28 ndio wanaosubiriwa na dereva wa bodaboda aliyevunjika paja, mzee aliyepooza upande mmoja, na mama aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Ondoa walio likizo, walio masomoni na waliopewa kazi za utawala. Waliobaki nao hukaa penye hospitali: Mtwara mjini, Lindi mjini, Ndanda, Nyangao, makao makuu ya wilaya. Sasa mtafutie wake mtoto wa kijiji cha ndani Liwale, ambako masika barabara huwa mateso, au wa Nanyumbu karibu na Mto Ruvuma. Tuongeze maradufu, wawe 56. Bado kila mmoja angebeba watu zaidi ya 50,000. Sioni bajeti ya ajira itakayoziba pengo hilo kabla mtoto aliyezaliwa mwaka huu hajafika umri wa kuanza shule.

Na hata wangekuwepo, tiba yenyewe haimalizikii mikononi mwao. Mtoto anayepelekwa kwenye mazoezi saa moja kwa mwezi huwa macho saa kama 360 katika mwezi huohuo. Saa zote hizo kuna mtu anayembeba, anayemlaza, anayemvalisha, anayemlisha. Nichukue kulisha peke yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akinyweshwa uji akiwa amelala chali, uji huingia njia ya hewa, na nimonia humrudia mara kwa mara. Bibi akifundishwa kumkalisha wima, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo, na kumpa kijiko kidogo kidogo huku akimsubiri ameze, amemkinga na hatari inayoua. Hapo hapahitajiki mashine. Shimo lililochimbwa mchangani, la kumshika kiunoni, linamsaidia kukaa na kucheza na wenzake huku mikono ikiwa huru. Kiti chenye mgongo wa umbo la pembe na mkanda, seremala wa kijijini anakitengeneza akionyeshwa mfano.

Mguu kifundo unaonyesha jambo hili wazi zaidi, kwa kuwa ni tatizo ambalo hospitali kweli inalitibu. Mtoto mchanga hufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi na kano ya kisigino hukatwa kidogo. Baada ya hapo anavalishwa viatu vyenye ubao katikati, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na anapolala mchana mpaka afike miaka minne hivi. Visipovaliwa, mguu hurudi kupinda. Wiki chache ni za mtaalamu, miaka minne ni ya mama, tena mama anayeambiwa na majirani kwamba anamtesa mwanawe. Nani anamtembelea huyo mama katika mwezi wa saba wa viatu hivyo?

Wanaosema hospitali kwanza wana hoja nzito. Plasta iliyofungwa vibaya huzuia damu. Kifafa kinataka dawa na daktari. Mtoto mwenye kichwa kikubwa kwa kujaa maji anahitaji upasuaji mapema, na akipotezewa miezi mitatu kwa kunyooshwa viungo, ubongo unaumia. Mhudumu wa jamii tayari amebebeshwa malaria, kifua kikuu, chanjo, lishe na uzazi wa mpango. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kufikia wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, lakini wingi huo hauwi ujuzi bila mafunzo. Hofu yao ninayoikubali zaidi ni kwamba serikali ikishaona mhudumu wa posho anafanya kazi hii, itaacha kuajiri mtaalamu. Hofu hiyo ni ya haki. Jawabu lake ni kumpangia mtaalamu siku za kutoka: azunguke zahanati, amkague kila mtoto, amsahihishe mhudumu, na aliye na dalili za hatari aondoke naye. Mhudumu asiye na msimamizi, hata mimi namkataa.

Mahali pa kuanzia papo. Mtoto huletwa kliniki akiwa na miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubela, kisha miezi 18. Akiwa na miezi 9 hajaweza kukaa peke yake, muuguzi amwandike na amkabidhi kwa mhudumu wa jamii siku ileile, kuliko kumwambia mama asubiri atakua tu.

Msaada kwa familia ndiyo sehemu inayokatwa kwanza, ikiitwa ustawi, kana kwamba haihusiani na tiba. Huku kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi, mama akiwa Dar es Salaam au Masasi mjini akitafuta riziki. Baba wengine huondoka wakishaona hali ya mtoto. Nauli hupatikana minada ya korosho ikifunguliwa kuanzia Oktoba. Ikifika Machi nyumba nyingi hazina fedha, na mahudhurio ya mazoezi nayo hukatika. Kisha kwenye faili panaandikwa "mzazi hana ushirikiano". Sentensi hiyo inaniudhi sana. Mwanamke anayembeba mtoto wa miaka sita mgongoni huku akipalilia ameshirikiana kuliko sisi sote.

Halmashauri hizi zinakusanya ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho. Mafuta ya pikipiki ya mtaalamu mmoja kwa kila wilaya, posho yake ya kulala kijijini, na nauli za akina bibi kuanzia Februari hadi Septemba, ni mambo ambayo madiwani wanaweza kuyapitisha kwenye bajeti ijayo bila kuisubiri Dodoma.