Nani Kasema Wimbo Unaua Woga?

Mpwa wangu ana kanuni yake: muvi ya kutisha ikianza kuimba, imekwisha. Anasema huwezi kumwogopa mtu anayeimba. Kanuni hiyo nimeisikia kazini, na nimeisikia kwa kijana anayetuwekea muvi kwenye flashi hapa Sinza. Yeye za namna hiyo haziweki kabisa, maana anadai wateja humrudia na kelele.

Naipinga, na kila mwisho wa Oktoba naipinga kwa vitendo. Halloween yenyewe sina ugomvi nayo wala mapenzi nayo. Watu wa Masaki na Oysterbay wanavaa vinyago, supamaketi mojawapo inapanga maboga mlangoni kana kwamba boga si kitu cha kutia kwenye nazi, wachungaji wanaonya mitandaoni, na kufikia tarehe 1 Novemba habari imekwisha. Asili yake ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote uliochanganyika na mila za kale za Ireland na Scotland. Kwa Wakatoliki wengi wa hapa, siku nzito ni tarehe 2, ya Marehemu Wote, ndiyo ya kwenda makaburini. Mimi nachukua kisingizio tu cha kukaa usiku na kitu cha kuogofya bila kuulizwa umri wangu.

Mwaka jana niliweka Sweeney Todd, ile iliyoongozwa na Tim Burton, ya 2007. Kwa asiyeijua: kinyozi wa London, Benjamin Barker, ana mke mzuri. Jaji Turpin anamtamani huyo mke, basi kinyozi anasingiziwa kosa na kusafirishwa Australia kama mfungwa. Baada ya miaka 15 anarudi na jina jipya, Sweeney Todd, na uso wa mtu aliyekwisha kufa ila hajazikwa. Anafungua saluni ghorofani, juu ya duka la pai la Bi Lovett katika mtaa wa Fleet. Wateja wanakaa kitini, koo linakatwa, kiti kinapinduka, maiti inashuka ghalani. Chini kuna mashine ya kusaga nyama. Bi Lovett, ambaye biashara yake ilikuwa imelala doro, ghafla anapangiwa foleni.

Hapo mkono wa mpwa wangu, uliokuwa unaelekea kwenye sahani ya sambusa, ulirudi kwenye mapaja. Sisi tuliokulia Dar na uvumi wa sambusa za nyama ya paka hatuhitaji kufafanuliwa.

Na karibu yote hayo yanaimbwa. Nataka nikae kidogo kwenye tukio moja, maana ndilo hoja yangu nzima. Jaji anakuja kunyolewa. Anataka kupendeza kwa sababu amepanga kumwoa Johanna, binti aliyemlea mwenyewe, naye ni mtoto wa yule kinyozi aliyemfunga. Hamtambui kinyozi. Anaegemea nyuma, shingo wazi, povu kidevuni. Kinyozi amesubiri miaka 15 na wembe wa kukunja uko mkononi. Ingekuwa muvi ya kawaida, muziki ungepanda, vinanda vingelia kama breki za daladala, na wewe ungejua pa kuziba macho. Hapa wanaanza kuimba pamoja, Johnny Depp (kinyozi) na Alan Rickman (jaji), wimbo laini kabisa wa kusifia wanawake. Sauti zinapishana, moja inaingia nyingine ikitoka, na wembe unapita shingoni ukikwangua povu taratibu. Wimbo mtamu. Unautaka uendelee. Na unajua ukifika mwisho kuna mtu anakufa.

Kwa hiyo unajikuta unaomba mauaji yacheleweshwe ili usikie ubeti mmoja zaidi, halafu unaomba yawahi kwa sababu mwili hauwezi kusubiri. Kupiga yowe kunakushtua sekunde mbili. Wimbo unakukalisha ndani ya kichwa cha muuaji, unapumua naye, mguu wako unapiga mapigo yake. Nilimtazama mpwa wangu. Simu alikuwa ameiweka chini muda mrefu.

Wapo waliosema Depp hana sauti. Kweli, si mwimbaji wa kusomea, na ukimlinganisha na waigizaji wa jukwaani anaonekana mwepesi. Lakini mwimbaji wa jukwaani anaimba ili asikike hadi kiti cha nyuma, ilhali kamera iko sentimita chache kutoka puani mwa huyu. Kinyozi anapozinong'oneza nyembe zake za fedha wimbo wa kirafiki, kama mtu aliyekutana na ndugu zake baada ya kifungo, sauti kubwa ingeharibu. Helena Bonham Carter naye anaimba Bi Lovett kama mama lishe mwenye madeni, na ndivyo alivyo. Picha yenyewe imepaukishwa hadi kila kitu kina rangi ya majivu, isipokuwa damu.

Aliyekaa kwa raha kuliko wote usiku ule ni shangazi yangu wa Temeke, aliyekuja kutusalimia akapitiliza kulala. Kiingereza chake ni cha sokoni. Hakuuliza chochote kuhusu kuimba. Aliuliza tu, "Huyo jaji hamkumbuki?" Nikamwambia hamkumbuki, shangazi. "Basi amekwisha," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Shangazi ni wa kizazi cha sinema za Kihindi, cha majumba ya Avalon, Empress na Odeon, watu waliokaa saa tatu kwenye muvi ambayo hawajui hata neno moja la lugha yake na wakatoka wanaimba. Kwao nyumba kongwe, mwanamke wa ajabu gizani na wimbo ni kitu kimoja. India walikuwa na muvi ya Mahal tangu 1949: jumba tupu usiku, mwigizaji Madhubala kwenye bembea, na sauti ya mwimbaji Lata Mangeshkar inayosikika kwa mbali kisha inakaribia. Inasimuliwa kwamba wakati wa kurekodi Lata alisimama mbali na maikrofoni, akaanza kuimba huku akiisogelea polepole. Hebu fikiria hilo taa zikiwa zimezimwa. Hakuna kinachorukia mtu, hakuna meno, na nywele zinasimama.

Na hata kabla ya sinema. Hadithi ya binti aliyetiwa ndani ya ngoma na zimwi, ambayo karibu kila nyumba ina namna yake ya kuisimulia, ni nini kama si muziki wa kutisha? Zimwi linapita kijiji hadi kijiji, linapiga ngoma, mtoto anaimba ndani, watu wanafurahi na kulipa zimwi chakula, hadi mama anaposikia sauti na kuijua ni ya nani. Ondoa wimbo, hadithi haipo. Tena huku pwani hata pepo wenyewe hawapandi kimyakimya. Wanaopunga wanajua kila pepo ana ngoma yake na nyimbo zake. Kibuki cha Zanzibar, mojawapo ya ngoma hizo za pepo, kinataka hadi kinanda cha kuvuta na brandi. Wimbo ndio mlango anaopitia pepo. Sasa mtu wa Dar akiniambia kuimba kunafukuza woga, namuuliza alikulia wapi.

Ninayo manung'uniko yangu na Burton. Muziki huu ni wa Stephen Sondheim, ulioingia kwanza kama mchezo wa jukwaani Broadway, New York, tarehe 1 Machi 1979 na kuzoa tuzo nane za Tony, tuzo za michezo ya jukwaani. Sondheim alitaka kuwatisha watu kweli. Alivutwa na muziki wa Bernard Herrmann kwenye muvi ya 1945, Hangover Square, na akapenyeza humo Dies Irae, ule wimbo wa Kilatini wa misa ya wafu. Jukwaani kuna kundi zima la waimbaji linaloanza kwa kuwaita watu waje kusikiliza kisa, na linarudi tena na tena, kama wapokezi wa hadithi. Burton aliwakata. Muziki wao umebaki, maneno yao hayapo. Naelewa, alitaka tubanwe na watu wawili wenye kichaa. Lakini kisa kinachoitikiwa na mji mzima kinatisha zaidi, kwa sababu mji mzima ndio uliokula zile pai.

Hata watengenezaji nao waliona aibu kidogo. Matangazo ya muvi hiyo yalificha sana kwamba ni ya kuimba, na Uingereza wapo watazamaji waliolalamika kwamba wamedanganywa. Kwa hiyo kanuni ya mpwa wangu si ya Sinza peke yake.

Linaloniuma ni muvi zetu. Enzi za muvi kama Nsyuka na Shumileta tulikuwa na majini ya kila aina, nyumba za kukodi Mbezi zilizojaa vivuli, na juu yake kinanda cha kompyuta kinachopiga kelele ileile kila mlango unapofunguka. Nchi yenye taarabu, mchiriku na ngoma za unyago, jini wetu anatoka na mlio wa kudownload! Jini mwanamke anayeimba taarabu ukumbini Magomeni, mafumbo yake yakimlenga mtu mmoja tu aliyekaa meza ya nyuma, na wanawake wanamtunza bila kujua wanamtunza nani: hiyo naiona kabisa, na haihitaji pesa za Marekani.

Ukiitafuta Sweeney Todd, watoto wakalale kwanza. Damu ni nyingi na koo zinaonyeshwa. Usiiangalie kwenye simu. Tafuta spika hata za kuazima, maana nusu ya kisa iko kwenye muziki wa chini.

Mwaka huu mpwa wangu amechagua mwenyewe, bila kukiri kwamba kanuni imevunjika: The Phantom of the Opera ya 2004, ya Joel Schumacher. Tutaiangalia. Nimeshamwambia kwamba naiona ni muvi ya mapenzi iliyovaa kinyago, taa ya dari ikianguka inapendeza kuliko inavyotisha, na Gerard Butler ni mzuri mno kwa mtu anayejificha chini ya jumba kwa sababu ya sura. Shangazi amesema atakuja.