Biriani Imeanguka

Jana nimelala saa tisa usiku kwa sababu ya biriani. Sikuila, wala sikuipika. Niliipanga tu kwenye ukurasa wa tovuti, ikakataa kupangika.

Mama Zai anapika vyakula vya shughuli, akataka ukurasa wa kuvionyesha. Fundi wa tovuti akataja bei, mimi nikacheka kwa dharau na kusema mbele ya wageni kwamba nitautengeneza mwenyewe. Mdomo huu!

HTML, ile lugha ya kuandika yaliyomo kwenye ukurasa, haikunisumbua. Balaa ni CSS, lugha ya kuupamba na kuupanga. Mnorwe mmoja, Håkon Wium Lie, aliipendekeza mwaka 1994 ili kurasa zipendeze. Sina ugomvi naye, ila ningependa aje hapa sebuleni ajionee. Shuleni tulichapwa tukisahau ile "u" kwenye "colour". Leo ukiiweka, rangi haiji, maana lugha hii inaandika Kimarekani. Na haikwambii umekosea wapi, inanyamaza kama mtu uliyemkopesha.

Sasa sikilizeni la biriani. Ukurasa una upana wa pikseli 1,200, yaani vile vidoti vya kioo. Vyakula vitatu: pilau, ndizi nyama, biriani. Nikagawa, kila boksi pikseli 400. Nikayaamuru maboksi yaelee kushoto, yakakaa mstari mmoja kama watoto wa chipukizi. Nikamwita Mama Zai aje aone mume aliyempata. Akatazama, akasema maandishi yamebanwa ukingoni, yapewe nafasi kidogo. Ombi la kistaarabu kabisa. Nikaweka pedingi, yaani nafasi ya ndani ya boksi, ya pikseli 20 kila upande, na boda, mstari wa kulizunguka, nyembamba ya pikseli 1.

Biriani ikaanguka chini.

Nikafuta, nikaandika upya. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikaitanguliza biriani, ikaanguka ndizi nyama! Kumbe kosa si la chakula, anayekuja wa tatu ndiye hana kiti. Nikabaki nikiisemesha kompyuta kama konda, "Sogeeni jamani, nyuma kweupe," saa nane za usiku, mtu mzima na msuli wangu.

"Baba Zai, mbona biriani iko chini?"

"Inapoa."

Asubuhi akaja mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. "Shikamoo mjomba. Umeweka boda-boksi?" Nikamjibu siendi popote, bodaboda ya nini? Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ndipo akanieleza: zile pikseli 400 ni za ndani tu. Pedingi inaongezwa juu yake, 40, na boda 2. Kwa hiyo boksi moja ni 442, na matatu ni 1,326, nami nayasukumiza kwenye 1,200! Akaandika mstari mmoja wa hiyo boda-boksi, upana ukaanza kuhesabiwa pamoja na pedingi na boda. Biriani ikapanda juu, ikakaa. Mstari mmoja! Nimekesha, nimemaliza bando, nimegombana na ndizi nyama, kumbe ni mstari mmoja! Tena akaongeza kwamba siku hizi hakuna anayeelesha vitu kushoto, watu wanatumia gridi. Niliposikia gridi nikatazama taa kwanza.

Halafu kuna margini, ile nafasi ya nje ya boksi. Chukua maboksi ya kawaida, yasiyoelea. Boksi la juu lina margini ya 30 chini yake, linalofuata lina ya 20 juu yake, zikikutana hupati 50, unapata 30. Laiti deni langu kwa Mangi lingejumlishwa hivyo.

Kwenye simu maandishi yametoka kama sisimizi. Hilo sitaki hata kulizungumzia.

Kinachoniuma ni kwamba hesabu hii naijua. Yule fundi wa kabati letu tulimpa nafasi ya futi nne, akapima ndani, unene wa mbao akausahau, kabati likazidi inchi mbili. Nilimfokea mbele ya mkewe, nikamwambia hata kipimo hajui. Sasa nikimwona njiani nakata kona. Kabati lenyewe liko kibarazani mwezi wa nne huu, limefunikwa turubai, na kuku wa jirani ametaga kwenye droo ya chini. Mama Zai anasema mayai ni yetu kwa kuwa droo ni yetu. Jirani anasema kuku ni wake. Jumamosi tunaitwa kwa mjumbe, na nimeambiwa niende na droo.