Tuhesabu oda ya pili

Makofi hayajaisha, mama mmoja wa safu ya tatu akanyoosha mkono. Ana karakana ya vitasa na bawaba, watu kumi na wawili, na wiki mbili kabla ya mkutano ule wa kampeni ya kuhamasisha mauzo ya nje, mnunuzi wa ng'ambo alikuwa amemwandikia akitaka kontena zima. Jukwaani alisimama mfanyabiashara mkubwa wa kanda, mtu wa kuheshimika, aliyekuwa ametueleza kwa dakika arobaini kwamba soko la dunia liko wazi na kinachotukwamisha ni woga. Mama yule akauliza, "Mheshimiwa, mkataba wangu umeandikwa FOB. Kontena likikaa siku tano kwenye yadi ya bandari likisubiri meli, likaungulia humo, hasara ni ya nani?"

Mheshimiwa akajibu kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, tutaelezwa baadaye. Maswali yakafungwa, tukaenda kunywa chai.

Nimekula chumvi kidogo katika kazi ya kuandaa nyaraka za mauzo ya nje, na sikusikia siku ile nzima swali zuri kuliko lile. Jibu la swali hilo ni kwamba hasara ni ya mama mwenyewe. FOB ni moja ya masharti yanayosema hatari ya mzigo inahama lini kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, na chini yake mzigo uko shingoni mwa muuzaji mpaka uwe umepakiwa melini. Kontena halipandi meli siku linapofika bandarini. Linakabidhiwa yadi, linapangwa, linasubiri zamu, na siku zote hizo mwenye mali anadhani ameshamaliza kazi yake. Ndiyo maana Chemba ya Kimataifa ya Biashara, inayotunza masharti hayo, yaitwayo Incoterms, tangu 1936, huwashauri wenye makontena watumie FCA, ambapo dhima ya muuzaji inakoma anapomkabidhi msafirishaji mzigo mahali walipokubaliana. Tofauti ni herufi mbili katika mkataba, lakini karakana ya watu kumi na wawili inaweza kufa kwa sababu ya herufi hizo.

Nilimweleza pale mlangoni. Akaandika FCA nyuma ya ratiba ya mkutano, akaizungushia duara mara mbili, kisha akaniangalia. "Kaka, sasa kwa nini yeye hakusema?"

Naamini hakusema kwa sababu hajui, na hajui kwa sababu hajagusa karatasi zile kwa miaka mingi. Ana idara nzima ya kumfanyia. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba tumewafanya watu wa aina yake kuwa sauti pekee ya mauzo ya nje, wakati hali yao na ya mama yule ni mbingu na ardhi. Kuna hesabu moja ya Marekani ambayo huwa naikumbuka kila nikiingia kwenye mikutano hii. Mwaka 2000 nchi ile ilikuwa na kampuni zipatazo milioni 5.5. Zilizouza chochote nje zilikuwa asilimia 4 tu. Na ndani ya hizo chache, asilimia 10 za juu zilibeba asilimia 96 ya thamani yote ya mauzo. Hiyo ni Marekani, yenye bandari, benki na barabara zake zote. Kwa hiyo anaposimama mtu wa ile asilimia 10 na kusema "nimeweza, nanyi mtaweza", anasema kweli kuhusu nafsi yake, ila hajagusa kile kinachowasumbua waliokaa mbele yake.

Linaloniuma zaidi ni kile tunachohesabu. Taarifa za kampeni hizi karibu zote zinafanana: kampuni kadhaa zimehudhuria, ujumbe wa kibiashara umesafiri, makubaliano yametiwa saini, na picha ipo. Tunahesabu oda ya kwanza kana kwamba ndiyo safari nzima. Wachumi waliofuatilia kumbukumbu za forodha za nchi nyingi wameona jambo lilelile tena na tena, kwamba sehemu kubwa ya kampuni zinazoanza kuuza nje huacha ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili. Zinauza mara moja na hazirudi. Anayefanya kazi yangu hashangai. Oda ya kwanza huletwa na bei nzuri, bahati, maonesho ya biashara au binamu anayeishi ughaibuni. Oda ya pili huletwa na jinsi ulivyoitekeleza ya kwanza. Ndiyo maana nasema viongozi wa biashara wapimwe kwa oda ya pili. Miezi kumi na minane baada ya kampeni, waulizwe ni wangapi kati ya wale waliowasindikiza bado wanapeleka mzigo. Kama hakuna anayejua, basi kazi haikufanyika, hata kama ukumbi ulijaa.

Nasema hivi nikijua kwamba inawezekana, kwa sababu nimeona mtu akifanya.

Nilipokuwa bado kijana kwenye kazi hii, kulikuwa na mzee mwenye kiwanda, naye alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa kanda yetu. Mara moja kwa mwezi alikuwa anafungua ofisi yake jioni, anakaribisha wenye biashara ndogo, wasizidi wanane, na anaweka mezani faili moja la kijani lililochakaa pembeni. Faili hilo halikuwa la ushindi wake. Lilikuwa la mzigo wake wa kwanza kwenda nje, ambao ulimharibikia. Kila karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, na alikuwa anazipitisha mkono kwa mkono, anasubiri mpaka kila mmoja aishike.

Mzigo ule ulilipiwa kwa LC, ile dhamana ambayo benki ya mnunuzi inaahidi kulipa ikishaona nyaraka. Mzee alikuwa anapenda kurudia kwamba benki hailipi bidhaa, inalipa karatasi. Sheria za kimataifa za LC zinamtaka muuzaji awasilishe nyaraka zake, hati ya shehena ikiwemo, ndani ya siku 21 tangu mzigo upakiwe. Yeye alipeleka siku ya 24, kwa sababu alikuwa akisubiri cheti cha uasili, kile kinachothibitisha bidhaa imetengenezwa nchi gani, na hakuna aliyemwambia kwamba cheti hicho kingeweza kuombwa mapema. Halafu ankara yake ilitaja bidhaa kwa maneno tofauti na yaliyo kwenye LC. Bidhaa ni ileile, maneno ni tofauti, na kanuni inataka maelezo ya kwenye ankara yawiane na ya kwenye LC. Benki ikakataa. Mnunuzi, akijua kwamba mzigo umeshafika na hauna pa kwenda, akaomba apunguziwe bei kwa kiwango cha kuumiza. Mzee akakubali. Barua ya kukubali nayo ilikuwa ndani ya faili, na sahihi yake chini.

"Soma kwa sauti, mwanangu," aliniambia mara ya kwanza nilipohudhuria. Nikasoma. Alikuwa amefumba macho, mikono juu ya meza, kama mtu anayesikiliza habari ya msiba wa zamani. Nilipomaliza akasema, "Sasa hili halitakupata wewe." Mpaka leo sijapeleka nyaraka za mtu yeyote siku ya 21, achilia mbali ya 24.

Jioni mbili za namna ile zilinifundisha kuliko semina zote nilizolipiwa. Na ukiangalia vizuri, mzee hakutoa hata senti. Alitoa muda wake na aibu yake ya zamani. Hicho ndicho ninachowaomba viongozi wetu. Uingereza imekuwa ikiteua wafanyabiashara wa kanda zake kuwa mabingwa wa mauzo ya nje, watu ambao tayari wanauza ng'ambo, wawasaidie wenzao wanaoanza. Wazo ni zuri sana. Lakini bingwa anayekuja na hotuba na bingwa anayekuja na faili ni watu wawili tofauti, na cheo hakitakuambia ni yupi umempata.

Faili lingekuwa na nini? Mambo madogo, na mengi yanachosha kuyasikiliza, lakini ndiyo yanayoamua. Mfano ni namba ya forodha. Tangu 1988 dunia inatumia mfumo mmoja wa kuainisha bidhaa, na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile karibu kila nchi: bawaba za chuma ni 8302.10, iwe unaziuza popote. Asiyejua namba yake hawezi kujua ushuru atakaotozwa mnunuzi wake, na asiyejua ushuru huo anapanga bei gizani. Au paleti. Mbao za kufungia mzigo zinazovuka mipaka kwa kawaida zinatakiwa ziwe zimepashwa moto mpaka kiini cha ubao kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, kisha zigongwe muhuri wenye alama ya suke la ngano na herufi HT, yaani zimepashwa moto. Nimewahi kuona kontena la bidhaa safi kabisa likizuiwa kwa sababu ya paleti mbili zisizo na muhuri, zilizookotwa uani dakika ya mwisho kwa sababu zile rasmi hazikutosha. Bidhaa ilikuwa na cheti cha ubora kutoka maabara. Hakuna aliyekisoma, maana mkaguzi aliangalia mbao kwanza.

Huwa naulizwa, hasa na wenye kampuni zenyewe, kwa nini mtu amfundishe mshindani wake. Swali ni halali na sitaki kulipuuza. Jibu langu la kwanza ni vigae vya Sassuolo, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia. Viwanda vya vigae vimejazana pale na vijiji vya jirani, vinashindana mlango kwa mlango, na sehemu kubwa ya wanachotengeneza inauzwa nje. Mnunuzi wa vigae anajua pa kwenda, na hayuko huko kwa ajili ya kiwanda kimoja. Anafuata wengi, mafundi wao, mashine zao na wasafirishaji waliozoea mzigo ule. Kanda ikijulikana, kila aliyemo anauza kwa jina ambalo hakulijenga peke yake. Na kinyume chake ni kweli: mmoja akipeleka takataka, mnunuzi hakumbuki kampuni, anakumbuka wapi ilitoka. Kwa hiyo mkubwa anayemwacha mdogo akosee hadharani anachafua jina ambalo naye anauza kwalo.

Jibu la pili ni historia ya wakubwa wenyewe. Reinhold Würth alirithi biashara ya parafujo ya baba yake mwaka 1954, akiwa na miaka 19, katika mji mdogo wa Künzelsau, Ujerumani. Hakuwa na jina wala kiwanda kikubwa. Mwaka 1962 alifungua kampuni yake ya kwanza nje, Uholanzi, nchi jirani. Leo kundi hilo liko katika nchi zaidi ya 80. Kilichonivutia mimi ni ile miaka minane ya mwanzo, na kwamba hatua ya kwanza ilikuwa kwa jirani. Hilo ndilo ambalo viongozi wetu wangelisema zaidi kama wangekumbuka walikoanzia. Wanaoanza husukumwa waende kwenye masoko makubwa ya mbali, yenye masharti mazito, wakati mpaka wa karibu ungewafunza nyaraka zilezile kwa hasara ndogo zaidi.

Wafanyabiashara kujipanga pamoja kwa ajili ya soko la nje si jambo la jana. Wale wa Marseille walianzisha chemba yao mwaka 1599, na mpaka leo chemba za biashara ndizo zinazotoa vyeti vya uasili katika nchi nyingi. Kwa hiyo kiongozi wa chemba ana kitu ambacho waziri hana: ofisi yake inaona karatasi za wauzaji kila siku. Anaweza kujua nani alipeleka mzigo mara moja akanyamaza. Anaweza kumpigia simu. Sijui kwa nini simu hiyo haipigwi, na ninatamani ipigwe kesho asubuhi.

Halafu kuna nafasi ndani ya kontena. Kampuni kubwa hupeleka makontena kila wiki, na si mara zote yanajaa hadi mlangoni. Mdogo mwenye paleti tatu hulipa bei ya juu kwa kila mita, au hungoja wiki kadhaa wakala apate wenzake wa kuchanganya nao. Kiongozi mwenye mzigo wa kawaida kwenda bandari ileile anaweza kufanya kwa simu moja kile ambacho semina kumi haziwezi.

Mama wa vitasa alipeleka kontena lake la kwanza kwa FCA, mihuri ya suke la ngano kwenye kila paleti, nyaraka benki siku ya tisa. Oda ya pili ilikuja baada ya miezi saba, nayo ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza: paleti nne. Mnunuzi alikuwa anajaza ghala lake kidogokidogo, na hiyo ndiyo dalili ya mtu anayekusudia kuendelea. Tatizo likawa usafiri. Niliwapigia wauzaji watatu wakubwa ambao makontena yao huenda huko. Wa kwanza hakupokea. Wa pili akasema atawasiliana na idara yake. Wa tatu aliuliza uzito, urefu wa paleti na namba ya forodha, akanyamaza kidogo akipiga hesabu, kisha akasema mzigo uletwe Ijumaa saa mbili asubuhi, umeshapimwa, na mama mwenyewe aje nao ili aone unavyopakiwa.